Dawa ya Kupuliza

Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kusikiliza. Kabla hata sijafumbua macho vizuri, nilikuwa nasikiliza kifua cha Babu kutoka upande wa pili wa pazia. Kikipiga mluzi mwembamba, nilijua siku itakuwa ya kawaida. Kikichemka kama sufuria ya uji, nilijua Babu hatafika bombani, na ndoo zote nitabeba mwenyewe.

Baada ya kusikiliza ndipo nilipoamka. Nilibandika maji ya chai, nikafagia kwa ufagio uliolowa ili vumbi lisiruke, nikamwekea Babu kiti mlangoni penye hewa, kisha nikavaa sare. Mama alikuwa ameshaondoka zamani. Alifanya kazi ya udobi hotelini, kufua mashuka na taulo za watu wasiomjua, na huko ndani simu haziruhusiwi, kwa hiyo simu yake ilibaki nyumbani. "Ni ya dharura," alisema, akaniwekea humo namba ya mapokezi ya hoteli. "Si ya michezo." Akirudi jioni, vidole vimekunjamana kwa maji, hakuuliza habari za shule wala za chakula. Kabla hajavua viatu aliuliza, "Babu yako kapata dawa?"

"Kapata," nilijibu.

Hapo ndipo alipovua viatu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilikuwa nimechoka. Sisemi hivyo ili nionewe huruma. Sote watatu tulichoka: Mama kwa kufua, mimi kwa ndoo na shule, na Babu kwa kupumua. Mtu mzima anayechoka kwa kupumua tu, bila kubeba kitu chochote, anatia uchungu, na sijui niseme nini zaidi ya hapo.

Babu huyu, mzaa mama, alikuwa seremala kwa miaka arobaini. Penseli yake bado ilikaa nyuma ya sikio ingawa hakuwa na ubao wa kuchora. Vumbi la mbao lilimwingia wakati wa kazi, na sigara alizivuta wakati wa mapumziko, pakiti nzima kwa siku. Aliziacha siku Bibi alipozikwa. Alisimama mbele ya watu akaapa kwamba hatavuta tena kitu chochote maishani mwake, na kweli hakuvuta. Lakini mapafu yalikuwa yameshaharibika. Kwenye kituo cha afya walisema ana ugonjwa sugu wa mapafu: njia za hewa zimekuwa nyembamba, hazirudi kama zamani, ila zinaweza kutunzwa.

Siku ile foleni ilikuwa ndefu hadi nje ya geti. Tulipofika dirisha la dawa, mtoa dawa hakuinua hata macho. Alisukuma kikopo cha buluu chenye mdomo wa plastiki. "Mzee, hii ni dawa ya kupuliza. Puliza mara mbili asubuhi, mara mbili jioni. Anayefuata!"

Basi kila asubuhi Babu alikaa wima kwenye kiti chake, akatikisa kikopo, akajaza mashavu, akakiweka mdomoni, akabonyeza na kupuliza kwa nguvu zake zote. Moshi mweupe ulitoka pembeni mwa midomo. Mimi nilisimama karibu yake na begi mgongoni, nikihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Halafu nikakimbilia shule.

Kutoka mlangoni kwetu hadi bombani ni hatua arobaini. Babu ndiye aliyezipima, maana seremala hawezi kuishi karibu na kitu bila kukipima. Hilo bomba ndilo lilikuwa kipimo chake cha afya. Alipopewa dawa alikuwa anafika bila kupumzika. Miezi mitatu baadaye akawa anapumzika kwenye hatua ya ishirini na tano. Mwezi wa sita alikuwa anashika ukuta kwenye hatua ya kumi na nane, na macho yake yananitazama kama kwamba mimi ninajua jibu.

"Dawa hii haina kitu," alisema siku moja, akikirushia kikopo jicho baya. "Hebu uliza hiyo simu yako, Daktari."

Alinipa jina hilo yeye mwenyewe, Daktari wa Simu. Nilikuwa nimeshamtafutia video ya kutibu fangasi za kucha, na nyingine ya kuondoa kwikwi, na zote zilifanya kazi. Nami kichwa kilishaanza kuwa kikubwa kidogo. Nikachukua simu ya Mama, nikaandika, "mapafu yaliyochoka tiba."

Video zilimiminika. Ya kwanza kabisa ilikuwa na watazamaji milioni mbili. Mwanamume mnene aliyejiita Bingwa wa Mapafu alikaa mbele ya kabati la vitabu vinene, amevaa koti jeupe na kipimo cha daktari shingoni. Sauti yake ilikuwa tamu, jamani! Ungedhani anaongea na wewe peke yako.

"Mpendwa mtazamaji," alisema, "najua umechoka. Najua unatumia dawa ya kopo na huoni mabadiliko. Unajua kwa nini? Dawa za kopo zinayalevya mapafu! Mapafu ni misuli, kama mkono. Ukiubeba mkono kwa kitambaa kila siku, utadhoofu. Acha kopo. Yafanyishe mapafu kazi. Bana pumzi, hesabu hadi thelathini. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Baada ya siku ishirini na moja utaniambia."

Babu alisikiliza mpaka hapo, akakuna kidevu. "Huyu ni nani?"

"Daktari, Babu. Si unaona koti?"

"Hata mimi nilikuwa na koti la kazi. Nani hana koti?" Akatafuta hewa kidogo. "Anatazamwa na watu wangapi?"

"Milioni mbili."

"Milioni mbili hawawezi kuwa wajinga wote," alisema polepole. Nadhani hakuamini sana. Nadhani alikuwa amechoka tu, na yule mtu ndiye wa kwanza kumwambia kwamba anajua amechoka.

Kikopo kikaenda juu ya kabati, nyuma ya redio mbovu. "Mama yako tusimsumbue," Babu alisema. "Ana mengi. Tutamshtukiza siku nitakapofika bombani."

Jioni ile Mama aliingia, mkoba begani. "Babu yako kapata dawa?"

"Kapata," nikasema.

Akavua viatu.

Siku tatu za mwanzo mambo yalikwenda vizuri, au tulijiambia hivyo. Mimi nilihesabu, Babu alibana. Moja, mbili, tatu, hadi kumi na mbili, kumi na tatu, uso ukijaa damu na mishipa ya shingo ikisimama. Akiachia, alikohoa mpaka machozi yakamtoka. "Yanafanya kazi hayo," alisema akijifuta. "Misuli ikifanya kazi huuma." Siku ya sita alikataa kwenda bombani, akasema jua kali. Siku ya nane hapakuwa na jua, akasema miguu. Siku ya kumi alianza kulala amekaa, mito miwili mgongoni.

Nililiona hilo. Sitaki kujidanganya kwamba sikuliona. Kila jioni Mama aliuliza, kila jioni nilijibu kapata, na kila mara neno lile lilizidi kuwa zito mdomoni. Ningesema kweli, ningelazimika kusema pia kwamba ni mimi niliyeitafuta ile video. Nikaona heri siku ishirini na moja zifike, labda Bingwa atatuokoa sote.

Hazikufika. Siku ya kumi na nne, saa tisa alasiri, nilikuwa natoka shule. Nikamkuta Babu bombani, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka. Sijui alipataje nguvu ya kufika. Labda alitaka kunishtukiza mimi pia. Midomo yake ilikuwa ya kijivu.

"Babu! Babu, vipi?"

"Ni..." alisema. Akavuta hewa. "Nime..." Akashindwa.

Na mimi, Daktari wa Simu, mnajua nilifanya nini? Nilikimbia ndani nikachukua simu. Nilisimama mbele ya babu yangu anayekosa hewa, nikaandika, "mtu amebanwa pumzi afanyeje." Nikagusa video ya kwanza. Likatokea tangazo la rangi za ukuta. Mwanamke alicheka akizunguka sebuleni kwake, na pembeni palikuwa na namba zinazorudi nyuma, tano, nne, tatu. Nilizitazama. Babu alikuwa ananitazama mimi.

"Weka simu chini, mtoto wewe!"

Alikuwa fundi viatu, ambaye kibanda chake kinatazamana na bomba. Alikuja mbio na sindano yake ya kushonea ikiwa bado mdomoni, akaitema. "Hiyo simu si ya kutazama, ni ya kupiga! Mpigie mama yako kazini. Mimi natafuta gari. Mzee, usilale, inama mbele hivyo hivyo, viwiko magotini. Polepole. Polepole, mzee wangu."

Nikapiga namba ya hoteli. Dakika chache baadaye tulikuwa kwenye gari dogo la kubebea mizigo, Babu katikati, mimi nimeshika kofia yake na penseli.

Kwenye kituo cha afya walimwekea hewa ya mtungi na mashine ya dawa ya mvuke. Nesi wa kifua, ndivyo kila mtu alivyomwita, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kalamu iliyochomekwa kwenye nywele. Alionekana amechoka kuliko sisi sote. Alifanya kazi bila kusema maneno mengi, na baada ya kama nusu saa midomo ya Babu ikaanza kurudi rangi yake. Mama alifika akiwa bado na mabuti ya mpira, sketi imelowa hadi magotini.

"Mara ya mwisho ametumia dawa ya kopo lini?" Nesi aliuliza.

"Asubuhi ya leo," Mama alijibu bila kusita. "Hakosi. Binti yangu ndiye msimamizi." Akanigeukia ili nikubali.

Ningeweza kusema ndiyo, na neno lile nilishalizoea. Lakini Nesi alikuwa ameshika kalamu tayari kuandika, nikaelewa kwamba ataandika nitakachosema, na kwamba atampa Babu matibabu kwa kufuata uongo wangu.

"Hajatumia," nikasema. "Siku kumi na nne. Ni mimi. Nilimwonyesha video, ikasema aache."

Nilitegemea kofi. Mama hakunyanyua mkono. Alikaa polepole kwenye benchi, akatazama mabuti yake. "Nilikuuliza kila siku," alisema kwa sauti ndogo. "Kila siku nilikuuliza." Kofi lingeniuma kidogo kuliko hayo maneno.

"Mtoto asi..." Babu alianza kutoka kitandani, akavuta hewa, "asilaumiwe peke yake. Nilikubali. Dawa yenyewe... haikunisaidia. Miezi sita."

Nesi, aliyekuwa anaandika, akasimamisha kalamu. "Miezi sita haikusaidia hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Hiyo si kawaida. Haiponyi, lakini hata kidogo?" Akafungua droo, akatoa kikopo kitupu cha mafunzo. "Mzee, hebu nionyeshe unavyoitumia. Usiniambie. Nionyeshe."

Babu akakaa wima kama kila asubuhi. Akatikisa kikopo. Akajaza mashavu. Akakiweka mdomoni, akabonyeza na kupuliza kwa nguvu, pfuuu.

Nesi alifumba macho, akayafumbua.

"Mzee," alisema taratibu, "nani alikufundisha hivyo?"

"Dirishani. Waliniambia ni dawa ya kupuliza. Nipulize mara mbili. Nimepuliza."

"Jamani, jamani, neno hili!" Nesi alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Mzee wangu, kopo ndilo linalopuliza. Wewe unatakiwa kuvuta. Umekuwa ukiitoa dawa nje kwa miezi sita. Haijawahi kuingia kifuani mwako hata siku moja. Na kosa hilo si lako, ni letu sisi. Tulipaswa kukuonyesha, na kukutazama ukifanya."

Babu alikigeuza kikopo mkononi. "Kuvuta," alisema. "Niliapa kaburini kwa mke wangu sitavuta tena kitu chochote."

"Hiki atakusamehe."

"Kwa hiyo miezi sita nimekuwa nakitibu chumba?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi mende wetu," alisema Babu, "wana mapafu safi kuliko mende wote hapa mjini." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Mama akacheka pia huku analia, akimshika mgongo.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza zile asubuhi zote, mimi nimesimama hatua moja tu kutoka kwake, nikihesabu moja, mbili. Moshi ule niliuona. Niliuona kila siku ukitoka.

Nesi alimfundisha upya. Tikisa. Toa hewa nje taratibu. Zungushia midomo vizuri. Bonyeza huku unavuta polepole, kwa kina. Bana pumzi kidogo, hesabu hadi kumi kama unaweza, halafu achia. Mikono ya Babu ilichelewa kubonyeza, kwa hiyo Nesi akatoa chupa ya maji ya plastiki iliyotobolewa kitakoni, akachomeka kikopo kwenye tundu. "Vifaa vya dukani vya kuvutia dawa vimetuishia. Hii inakusanya dawa kwanza, kisha unavuta kutoka mdomo wa chupa bila haraka."

Babu aliigeuza chupa, akapitisha kidole kwenye tundu, uso ukakunjamana. "Nani kakata hapa? Panya?"

"Mimi," alisema Nesi. "Kwa mkasi."

"Inavuja pembeni. Mdomo wa kopo hauko duara, una umbo la yai. Lazima upime kwanza." Akapapasa nyuma ya sikio. Nikampa penseli yake. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi, macho ya Babu yaliwaka.

Wakati yeye anachora kwenye chupa, nilikusanya ujasiri. "Sitatazama video tena," nikamwambia Nesi. "Naapa."

"Nani kakwambia usitazame?" Alivuta stuli. "Lete simu. Nionyeshe huyo Bingwa."

Tulimtazama pamoja. Nesi hakukasirika, aliuliza maswali tu kwa ile sauti yake ya uchovu. Jina lake nani? Sikujua, alijiita Bingwa tu. Anafanya kazi hospitali gani? Hakusema. Video ni ya lini? Haikuandikwa. "Umewahi kufika mwisho?" Sikuwahi, ilikuwa na dakika kumi na tisa, nami nilikuwa na ndoo za kujaza. Akasogeza hadi mwisho. Bingwa alikuwa ameinua mkebe wa unga wa kijani, wake mwenyewe, na namba ya kuagizia. Chini yake maandishi madogo kama siafu yalisema kwamba hayo si ushauri wa daktari.

"Haya," alisema Nesi. "Amewapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, watu milioni mbili. Mapafu si misuli, na dawa hii haiyalevyi. Lakini ona ujanja wake. Kubana pumzi kidogo baada ya kuvuta dawa ni sahihi, umeniona nikimfundisha. Yeye kachukua jambo la kweli akalinyoosha mpaka likawa hatari. Babu yako tatizo lake ni hewa kushindwa kutoka. Ukimwambia abane mpaka kizunguzungu, unamfungia hewa ambayo tayari imekosa njia."

Kisha akatafuta video nyingine. Ilikuwa na watazamaji mia nne tu. Mwanamke mwenye sauti kavu alitaja jina lake, kazi yake, hospitali ya chuo anakofundisha na tarehe, akaonyesha kikopo hatua kwa hatua. Hakuuza kitu. Mwishoni alisema, "Sasa mwendee mhudumu wako wa afya, umwonyeshe unavyofanya."

"Hii ni nzuri," nikasema. "Ningeipata hii mwanzoni..."

"Ungeipata hii, ingekusaidia. Lakini sikiliza, binti." Nesi alichomoa kalamu kwenye nywele, akaichomeka tena. "Video mbaya inadanganya. Video nzuri inafundisha. Ila zote mbili zina upungufu mmoja: hazikuoni. Babu yako angeweza kukaa mbele ya hii nzuri, apulize nje mwaka mzima, na huyu mama asimwambie, 'Mzee, sivyo.' Ndiyo maana ukitazama, tazama. Uliza ni nani, wa wapi, wa lini, anauza nini. Halafu njoo uonekane. Na ukija, sema kweli. Leo nimegundua kosa la miezi sita kwa sababu ulisema jambo la siku kumi na nne. Ungenificha, ningemwongezea dawa, naye angeipuliza hiyo pia."

Mama alisikia yote.

Babu alirudi nyumbani baada ya siku nne. Kikopo kilitoka nyuma ya redio. Lakini Mama hakuniuliza tena. Jioni aliingia, akapita mbele yangu, akaenda mwenyewe kwa Babu. "Baba, umepata dawa?" Babu akajibu, Mama akatikisa kikopo sikioni, ndipo akavua viatu. Ilikuwa hivyo siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima, wiki mbili. Hakunigombeza hata mara moja. Nilitamani anigombeze.

Niliendelea na kazi zangu. Nilisikiliza asubuhi, nikabandika chai, nikafagia. Saa ya dawa ikifika sikuhesabu tena nikiwa nimegeukia mlango. Nilikaa mbele ya Babu, uso kwa uso, nikatazama kifua kikipanda na moshi wa chupa ukiingia ndani, wote, bila kutoka pembeni. Siku akikosea nilimwambia, "Babu, sivyo," naye akanuna, akarudia.

Kati ya dawa na dawa alikata chupa. Fundi viatu alimletea kisu chembamba, akazitoboa moja baada ya nyingine, kila tundu umbo la yai, akizijaribu na kikopo kitupu mpaka zikabana sawasawa. Tulipokwenda kuonyesha maendeleo, alimpelekea Nesi chupa kumi na tisa kwenye mfuko. "Ule mkasi wako," alimwambia, "kakatie kucha." Nesi alimfundisha na zoezi la kweli, la kutumia akiishiwa hewa: vuta taratibu kwa pua, halafu toa kupitia midomo iliyobanwa, kama unapoza chai.

"Kwa hiyo kupuliza kupo?" Babu akauliza.

"Kupo, mzee. Hewa unaipuliza. Dawa unaivuta."

Kwenye wiki ya nne, alasiri, Babu alisimama mlangoni, akarekebisha penseli, akaanza kutembea. Mimi nilikuwa nyuma yake na ndoo. Hatua ya kumi na nane alisimama, akapoza chai yake, akaendelea. Hatua ya thelathini na moja akasimama tena. Hakufika kama zamani, na Nesi alishatuambia kwamba zamani haitarudi. Alifika akiwa amechoka sana. Lakini alifika, akashika bomba kwa mkono, akalifungua mwenyewe, akanijazia ndoo.

Jioni ile Mama aliingia, mkoba begani, vidole vimekunjamana. Babu alikuwa amesinzia kwenye kiti. Mama alianza kupita kuelekea kwake, kisha akasimama katikati ya chumba. Akanigeukia.

"Babu yako kapata dawa?"

"Nimemwona, Mama. Mara mbili. Ya pili alikosea kidogo, akarudia. Na leo kafika bombani, kapumzika mara mbili njiani."

Mama hakwenda kutikisa kikopo.

"Haya, mwanangu," alisema. "Ukisema hivyo ndiyo napata kupumzika." Akavuta stuli, akakaa, akavua viatu.